Kinjikitile Ngwale: Mganga wa Ngarambe na hesabu ya pamba iliyozaa vita

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara mdogo yeyote, awe na duka la rejareja pale Kibiti au meza ya samaki Nyamisati, anaujua usemi huo. Hata hivyo, historia ya Rufiji inaonyesha jambo jingine linaloumiza zaidi. Mali inaweza kupotea huku daftari lipo, iwapo daftari hilo limeshikwa na mtu mwingine na mwenye jasho hana ruhusa ya kulifungua.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na somo hilo ni Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 4, 1905. Wengi wanamfahamu kama Kinjeketile, jina lililotumiwa na Ebrahim Hussein katika tamthilia yake iliyochapishwa mwaka 1969 na ambayo imesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi. Shuleni hufundishwa kama kiongozi wa Vita vya Maji Maji, na ni nadra kumsikia akitajwa katika kurasa za biashara.

Lakini ukiweka kando dawa na bunduki, chini kabisa utakuta suala ambalo mkulima wa leo analielewa vizuri: mzalishaji anayelisha kiwanda cha mbali. Wakulima wa bonde la Rufiji na milima ya Umatumbi walikuwa na ardhi, nguvu na ujuzi. Walitakiwa kulisha viwanda vya nguo vya Ujerumani, lakini fedha haikuwafikia. Maisha ya Kinjikitile ni maisha ya mtu aliyesimama mahali ambapo hasira hiyo ilikusanyika.

Mtu aliyeingia majini

Ngarambe ni kijiji cha Wilaya ya Rufiji ya leo, bara ya delta, karibu na lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Ukitoka hapo kuelekea pwani unakutana na Mohoro, kusini mwa delta yenyewe, ambako Wajerumani walikuwa na kituo cha utawala. Sehemu kubwa ya delta sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji mwaka 2015. Enzi hizo maeneo hayo yote yalikuwa nchi moja ya kilimo na biashara.

Kwa mujibu wa simulizi za wazee zilizokusanywa na wanahistoria katika miaka ya 1960, Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo katikati ya mwaka 1904. Inasimuliwa kuwa aliburutwa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi, akazama mbele ya macho ya ndugu zake, nao wakamtafuta bila mafanikio. Siku iliyofuata aliibuka akiwa mzima na nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutoa unabii.

Habari zikasambaa. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kwa makundi: Wamatumbi, Wakichi, Warufiji, Wandengereko, Wangindo na wengineo. Walipewa maji yaliyochanganywa na mtama na mbarika, na kuambiwa kuwa dawa hiyo itageuza risasi za Mzungu kuwa maji. Palikuwa pia na mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda. Wasafiri waliokutana na watu wa serikali njiani walieleza kuwa wanafuata dawa ya mazao na ya kuzuia wanyama waharibifu, jambo ambalo halikushangaza mtu katika nchi ambayo nguruwe na nyani ni adui wa kila msimu.

Swali la kiuchumi ni hili: kwa nini watu wa makabila mbalimbali, ambao hawakuwa na chifu mmoja, waliacha mashamba yao na kutembea siku nyingi kumfuata mganga mmoja? Dini ilikuwa sababu. Kodi, viboko na kazi za lazima zilikuwa sababu. Ila msumari wa moto juu ya kidonda ulikuwa pamba.

Nchi iliyokuwa na uwezo

Ikumbukwe kwamba wakazi wa Rufiji hawakuwa wakulima wa kufundishwa jembe. Katika karne ya 19 bonde hilo lilisifika kwa mpunga kiasi cha kuitwa Calcutta Ndogo. Mpunga ulipandwa kufuata mvua na mafuriko, na maji yalipopungua wakulima walipanda tena mazao katika ardhi yenye unyevu, kilimo kinachojulikana mpaka leo kwa jina la mlau. Familia zilihamia mashambani na kulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao usiku na mchana.

Kule delta, watu walikata boriti za mikoko ambazo majahazi yalizipeleka hadi Arabuni na Ghuba. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani iliweka misitu hiyo ya mikoko chini ya udhibiti wake, na biashara iliyokuwa mikononi mwa wenyeji na wafanyabiashara wa pwani ikaanza kupitia kwenye vibali vya serikali.

Kwa lugha ya uchumi, Rufiji ilikuwa na uwezo wa uzalishaji. Ilikuwa na udongo wa mbolea unaoletwa na mto bila gharama, kalenda ya kilimo iliyojaribiwa kwa vizazi, nguvu kazi ya familia na njia ya majini hadi bahari kuu. Mnunuzi yeyote wa malighafi angependa kupata mzalishaji wa namna hiyo.

Pamba ya jumbe

Ujerumani wakati huo ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo, lakini pamba yake nyingi ilitoka Marekani. Bei ya pamba hiyo ilipopanda mwanzoni mwa karne ya 20, wenye viwanda na serikali yao wakaanza kutafuta pamba katika makoloni. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeshika madaraka mwaka 1901, alianzisha mwaka 1902 mpango wa mashamba ya pamba katika wilaya za pwani na kusini. Wataalamu waliletwa, mbegu ziligawiwa, na katika miaka hiyo ilianzishwa pia shule ya pamba pale Mpanganya, kando ya Mto Rufiji.

Utaratibu ulikuwa rahisi kwenye karatasi. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba la pamba katika eneo lake. Watu wake walitakiwa kulifanyia kazi kiasi cha siku 28 kwa mwaka, wakisimamiwa na akida na wasaidizi wake wenye viboko. Pamba ikishauzwa, mapato yaligawanywa mafungu matatu: moja la wafanyakazi wote, moja la jumbe, na moja la chombo cha serikali ya wilaya kilichosimamia mauzo.

Tuangalie mgao huo kwa jicho la mfanyabiashara. Fungu la jumbe liligawiwa mtu mmoja. Fungu la wafanyakazi liligawiwa mamia ya watu. Kadiri watu wengi walivyoswagwa kwenda shambani, ndivyo fungu la kila mmoja lilivyozidi kuwa dogo, wakati la jumbe halikupungua hata kidogo. Kwa maana hiyo msimamizi hakuwa na sababu yoyote ya kubana matumizi ya nguvu kazi. Siku ya mkulima kwake ilikuwa bure.

Matokeo yake yanajulikana. Katika Wilaya ya Dar es Salaam ya wakati huo, wanahistoria wanataja kuwa malipo ya mfanyakazi yalifikia senti 35 tu kwa kazi ya mwaka mzima, na wapo waliokataa kuzipokea. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3. Ikiwa rupia moja itahesabiwa kwa senti 100, kama Wajerumani walivyoanza kuigawa mwaka 1904, mtu alihitaji malipo ya zaidi ya miaka minane ya pamba ili kulipa kodi ya mwaka mmoja. Sarafu ndogo za mgawanyo huo mpya ziliitwa Heller, na ndizo zilizotuachia neno hela. Kwa hiyo, hela iliingia katika lugha yetu wakati uleule ambapo mkulima wa pamba alikuwa haioni.

Hasara haikuishia hapo. Siku zilizokwenda kwenye pamba ya jumbe zilitolewa katika palizi ya mpunga na mahindi ya nyumbani, na katika ulinzi wa dungu. Nguruwe hawakusubiri mtu amalize zamu ya serikali. Hivyo mkulima alilipa mara mbili: alitoa nguvu yake bila malipo ya maana, kisha akapoteza chakula chake.

Kipimo ambacho hakikutumika

Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1957, mchumi wa Uingereza Michael Farrell alichapisha makala iliyofungua njia mpya ya kupima ufanisi wa wazalishaji. Alitumia takwimu za kilimo za majimbo ya Marekani. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani, Charnes, Cooper na Rhodes, waliiendeleza njia hiyo, na hadi leo hutumika kupima mabenki, hospitali na pia wale wanaouzia viwanda malighafi na vipuri.

Kiini chake si kigumu. Mzalishaji hapimwi kwa ukubwa wa shamba au wingi wa mashine alizonazo. Anapimwa kwa kulinganishwa na mwenzake aliye bora kuliko wote mwenye raslimali zinazofanana. Farrell alitenganisha mambo mawili. La kwanza ni ufanisi wa kiufundi, yaani umetoa mazao kiasi gani kwa ardhi na nguvu uliyotumia. La pili ni ufanisi unaotokana na bei, yaani kama raslimali hizo umezitumia kwa uwiano unaofaa ukizingatia gharama yake. Waliofuata wakaongeza swali la mapato: je, uwezo ulionao umegeuka kuwa fedha kiasi gani?

Ukiiweka pamba ya mwaka 1902 hadi 1905 katika kipimo hicho, tatizo linaonekana wazi. Wataalamu wa Kijerumani walihangaika na upande wa kwanza: mbegu, nafasi kati ya mashina, palizi, usafi wa pamba. Upande wa pili waliuvuruga wenyewe, kwa kuwa nguvu kazi ilionekana haina gharama na ikatumiwa ovyo. Na kwenye swali la mapato, mkulima alipata karibu na sifuri. Mzalishaji wa aina hiyo anaweza kulazimishwa mwaka wa kwanza na wa pili, lakini hawezi kudumu. Atakimbia, atagoma, au atang'oa mche.

Subira ya Ngarambe, haraka ya Nandete

Kinjikitile hakuwa na jeshi wala bunduki za kutosha. Alichokuwa nacho ni mtandao. Wasaidizi wake, walioitwa pia hongo, walibeba maji ya dawa na kuyapeleka mbali na Ngarambe. Habari zilipita kwa minong'ono, kutoka mtu hadi mtu. Kwa mara ya kwanza, watu waliozoea kusimama kila mmoja na ukoo wake walianza kujiona kuwa ni wamoja mbele ya mtawala mmoja.

Aliwataka wafuasi wake wasubiri. Vita visianze mpaka atoe amri. Pengine alielewa kuwa umoja huo ulikuwa bado mchanga. Lakini msimu wa pamba ulikuwa ukiendelea, na waliokuwa wakipigwa viboko shambani hawakuwa na subira ya mganga.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, walichaguliwa kwenda kung'oa mashina matatu ya pamba. Kitendo hicho kidogo kilikuwa tangazo la vita. Muda si mrefu wapiganaji walimkabili akida wa Kibata, na Julai 31 wakashambulia Samanga, pwani. Lengo lao la kwanza, kabla ya ngome na kabla ya gavana, lilikuwa ni mmea uliochukua siku zao bila kuwalipa.

Serikali ilichukua hatua haraka. Kinjikitile alikamatwa na kupelekwa Mohoro. Agosti 4, 1905, siku chache tu baada ya vita aliyotaka icheleweshwe kuanza, alinyongwa pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kuwa kabla ya kufa alieleza kwamba kumuua hakutasaidia kitu, kwani dawa ilikuwa imekwisha fika mbali, hadi Kilosa na Mahenge.

Katika hilo alikuwa sahihi. Ndugu yake alichukua nafasi yake kwa jina la Nyamguni na kuendelea kugawa maji. Vita vilienea hadi Ungindo, Upogoro na Ungoni. Lakini Agosti 30, maelfu ya wapiganaji waliposhambulia boma la Mahenge, risasi za bombomu hazikugeuka maji. Umoja uliojengwa Ngarambe ulikuwa nguvu ya kweli. Kinga iliyoambatana nao haikuwa imepimwa mahali popote kabla ya watu kuweka maisha yao rehani.

Gharama yake

Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Vita vilikoma kabisa mwaka 1907. Hesabu ya serikali yao ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wa Kitanzania, Gilbert Gwassa, alikadiria kuwa waliokufa kwa vita na njaa walifikia kati ya 250,000 na 300,000. Maeneo makubwa ya kusini yaliachwa bila watu, na pori likarudi mahali palipokuwa na mashamba.

Von Götzen aliondoka mwaka 1906, na mpango wa mashamba ya pamba ya majumbe ukaachwa. Baadaye, chini ya Waingereza, pamba ililimwa tena katika bonde la Rufiji, nyingi ikiwa ya mlau. Udongo ulikuwa uleule na mto uleule. Kilichobadilika ni kuwa mkulima alilima shamba lake mwenyewe na kuuza pamba yake mwenyewe. Hilo peke yake linathibitisha kuwa tatizo la mwaka 1905 halikuwa uvivu wala mmea. Tatizo lilikuwa njia kati ya shamba na mfuko.

Daftari la leo

Mkulima wa Kibiti wa leo hapelekwi shambani kwa kiboko. Anauza korosho, ufuta, mpunga na nazi. Mwenzake wa delta anauza kamba na samaki. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limemuunganisha na Dar es Salaam na mikoa ya kusini kwa lami. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na mazao kama korosho na ufuta huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi. Hata hivyo, njia ile ya kati ya shamba na mfuko bado ipo, na bado ina mashimo: lumbesa, mizani iliyochezewa, makato yasiyoelezwa, na kangomba, yaani mazao kununuliwa kwa vipimo visivyo rasmi na kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu mwenye shida.

Tuchukue mfano wa hesabu wa wakulima wawili wa ufuta, kila mmoja akiwa na ekari 2 na nguvu kazi sawa. Wa kwanza anavuna kilo 600, ambazo hakuna jirani anayezifikia. Wa pili anavuna kilo 480. Kwa kipimo cha shambani, wa kwanza ana asilimia 100 na wa pili ana asilimia 80. Kijiji kizima kitamsifu wa kwanza.

Lakini wa kwanza alikuwa na deni, akauza kwa kangomba kwa Sh2,000 kwa kilo na kupata Sh1,200,000. Wa pili alisubiri mnada, akapata Sh3,000 kwa kilo, sawa na Sh1,440,000. Kiwango cha juu ambacho ekari hizo zingeweza kuleta ni kilo 600 kwa Sh3,000, yaani Sh1,800,000. Mkulima hodari wa jembe amegeuza asilimia 67 tu ya uwezo wake kuwa fedha. Yule aliyeonekana wa kawaida amegeuza asilimia 80.

Kila mmoja angeweza kuambiwa aongeze juhudi, lakini dawa yao haifanani. Wa pili anahitaji mbegu bora na palizi ya mapema. Wa kwanza hahitaji bwana shamba. Anahitaji akiba au mkopo mdogo wa kumvusha wiki chache hadi siku ya mnada. Ukimpa mbolea zaidi, utakuwa umemwongezea kilo za kuuza kwa kangomba.

Kwa sababu hiyo, ni vyema kila mkulima na kila mfanyabiashara mdogo aandike mambo matatu kila msimu. Kwanza, amevuna kiasi gani kwa ekari, na jirani bora amevuna kiasi gani. Pili, ameuza kwa bei gani, na bei nzuri iliyokuwapo wiki hiyo ilikuwa ipi. Tatu, katika kila Sh1,000 iliyolipwa na mnunuzi, ni shilingi ngapi zimefika mkononi baada ya makato, na kila kato ni la nini. Mwanachama wa chama cha msingi anaweza kuuliza swali hilo la tatu kwenye mkutano mkuu.

Mwaka 1905 hapakuwa na mkutano wa namna hiyo. Watu wa Umatumbi na Rufiji walijua kwa tumbo kuwa hesabu haikuwa sawa, lakini hapakuwa na mahali pa kuipeleka isipokuwa Ngarambe. Kinjikitile aliwapa umoja, na umoja huo ulikuwa mtaji mkubwa kuliko wote aliokuwa nao mkulima wa wakati ule. Lakini daftari la pamba lilibaki mikononi mwa jumbe na boma, na watu walipochoka kusubiri waling'oa mashina matatu ya pamba.